Sauti ya Kitsao Katika Mashine Tatu

Mume wangu Kitsao alikuwa mwandishi wa programu za kompyuta hapa Malindi, na mbishi kupindukia. Daktari alipomwambia kwamba ugonjwa wa neva utamnyang'anya sauti, kisha mikono, alirudi nyumbani akaanza kazi. Angerekodi maneno kwa sauti yake mwenyewe, na programu ingeyasema kila akibonyeza kitufe. Sauti za kutengenezwa na mashine hakuzitaka. "Mama atadhani amekuja mgeni," alisema.

Programu aliijenga juu ya kiunzi, yaani ile mifupa tayari ambayo waandishi wenzake hujengea kazi zao. Akarekodi mambo ya mgonjwa: maji, naumwa, nigeuze, ndiyo, hapana. Nikamwuliza, "Na salamu ya Mama?" Akacheka. Kwao Vitengeni mzazi husalimiwa akiwa mbele yako, akakujibu, mkajuliana hali hadi ya mbuzi. Kuamkia ukuta aliona ni wazimu. "Hiyo tutaenda kuirekodi kwake," alisema. "Kwanza mashine ifanye kazi."

Ikafanya kazi kwenye laptopu. Mwajiri wake akaja kuichukua. Ni mali ya kampuni, alisema, na chai yangu akainywa. Sijamsamehe. Rekodi tulikuwa tumezihamishia kwenye simu, lakini kiunzi cha laptopu simu haikitambui, kwa hiyo Kitsao akakijenga upya kutoka kwenye msimbo wake, yaani maandishi ya asili ya programu. Simu ikakubali. Vitufe tu ndivyo vilikuwa vidogo, na kidole chake kilikuwa kimeanza kutangatanga. Sauti nayo ikaondoka kabla hatujasafiri kwa Mama kuirekodi salamu.

Ikabaki kompyuta kuukuu aliyomwachia mama yake, yenye kibodi pana. Tukahamia kwake Vitengeni, na rekodi zetu. Viunzi vilivyo tayari mtandaoni viliikataa, ni ya kale mno, tukarudi kwenye msimbo. Mimi nilichapa amri, yeye akinielekeza kwa macho. Kikikosekana kipande hiki tunakitafuta, kinakosekana kile. Stima ikapotea katikati, tukaanza upya. Nililia kwa hasira, naye akanisubiri nimalize.

Siku kiunzi kilipokamilika, mavyaa yangu alijifunga leso safi, akavuta kigoda karibu na kitanda. Alikuwa ameambiwa mwanawe atasema tena.

Alingoja. Kitsao aliitazama kibodi.

"Mbona hanisalimu?" mavyaa akaniuliza.

"Salamu hakuirekodi, Mama. Sauti ilikwisha kabla."

"Basi na aseme lolote."

Kidole kilihangaika, kikatua. "Naumwa," ikasema ile sauti yake nzuri ya zamani, nami nikajua si mwili anaousema.

Mama akashtuka, akainuka. "Wapi, mwanangu? Unaumwa wapi?"

Neno la mahali halikuwamo. Kitsao akabonyeza tena. "Naumwa."

Mama akamfunua shuka, akaanza kutafuta kidonda.