Dume la Buhendwa

Wafugaji wa Masisi walikuwa na utani wao: hakuna dume aliyezaa ndama wengi kuliko Muzee Damascène. Naye alicheka pamoja nao, maana ndiyo ilikuwa kazi yake. Kwa miaka thelathini alipanda na kushuka vilima na mtungi wake wa mbegu za madume, akizalisha ng'ombe wembamba wa pembe ndefu wa kienyeji kwa mbegu ya Bruni, ng'ombe wa maziwa kutoka Uswisi. Ndama walitoka wazito, wenye viwele vya kujaza ndoo. Kila mtu akataka Bruni. Mwenye ng'ombe wa kienyeji alionekana mshamba tu.

Kisha vita ikafika, watu wakateremka mjini Goma na mifugo yao. Damascène akapanga chumba mtaa wa Majengo. Kazi yote ya maisha yake ilibaki mtamba mmoja mwekundu, kizazi cha nne cha Bruni, aliyemsukuma njia nzima kwa siku nane na kumfunga huko kambini Mugunga pamoja na ng'ombe wa wakimbizi wenzake.

Juzi shirika moja la mtaa wa Himbi lilimwomba amsindikize Fabiola, msichana aliyekuwa akihesabu ng'ombe waliosalia. Mwenye arobaini alibaki na wawili. Mwenye kumi na wanane hakuwa na kitu. Na kila Fabiola alipouliza wangependa kuanza tena na aina gani, jibu lilikuwa moja: ya kienyeji.

"Juu ya nini, mama?" akamwuliza Mukagasana, mjane aliyepoteza ng'ombe tisa. "Bruni haitoi maziwa mingi?"

Mukagasana hakumtazama msichana. Alimtazama Damascène.

"Zilikuwa nzuri, muzee. Lakini zilichoka mbele ya kufika Sake. Zikalala mu barabara. Nikavuta kamba, nikalia, zikakataa. Watu ya bunduki wakazikula. Za jirani yangu Buhendwa, zile mifupa za kienyeji tulikuwa tunacheka, zote zilifika."

Fabiola akaandika. Damascène alishikwa na uchungu, na hasira pia, ila hakujua amkasirikie nani. Alikuwa amezalisha ng'ombe wa kukaa, kwa watu wa kukaa. Nani alimwambia kwamba watakimbia?

Asubuhi iliyofuata alimkuta mtamba wake akilia na kupanda wenzake, alitaka dume. Simu moja tu, na rafiki yake wa Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, angeleta mbegu safi ya Bruni. Damascène aliitoa simu, akaitazama, akairudisha mfukoni. Akamfungua mtamba na kumpeleka kwa Buhendwa.

Buhendwa alishangaa. "Muzee, weye? Kwa hii dume yangu?"

Miaka yote Damascène ndiye aliyewafundisha wafugaji cha kuuliza: mama yake alitoa lita ngapi, baba yake alikuwa na kilo ngapi. Safari hii hakuuliza hayo.

"Ilitembea siku ngapi?"

"Tatu. Haikulala chini hata mara moja."

"Basi ifungue," akasema, akageukia upande wa pili ili asione.