Tangazo la Kumtafuta Kipopoo

Wageni wakitua Maskati kutoka Unguja, sisi wengine hapa mtaani Darsait hutuletea karafuu na mbata. Jirani yetu Ami Amur huletewa magazeti. Hata yakiwa ya wiki tatu nyuma huyasoma mstari kwa mstari, na ukimcheka hukwambia, "Khabari si maziwa, haichachi."

Huletewa mawili: kubwa la Unguja, na dogo la Pemba alikozaliwa, kurasa nane tu. Husema, "Kubwa linanambia nani kafungua nini. Dogo linanambia mbuzi wa nani kala muhogo wa nani." Lakini heshima humpa kubwa. Hilo hulisoma kakaa kitako, kavaa kofia. Dogo hulisoma kajinyoosha.

Mama yake alifariki siku aliyomzaa, Mungu amrehemu. Akanyonyeshwa na jirani yao huko Wawi, aliyekuwa na mtoto wake wa kike wa miezi michache. Kwa hivyo wale wawili ni ndugu wa ziwa, na kwetu Waislamu udugu huo si mchezo. Ami akaja Oman ana miaka kumi na tisa, hakuaga, na barua zake hazikujibiwa. Mwaka huu, kutimia sabini na tano, akaanza kusema anaogopa kufa bila ya radhi ya mama aliyemnyonyesha. Na wa kumwambia kama mama huyo alimwachia radhi, ni yule dada tu, akiwa hai.

Bintiye Shatha, anayefanya kazi ofisini Qurum, akapeleka tangazo kwa gazeti kubwa: "Anatafutwa Bi Zuwena binti Makame Faki, mzaliwa wa Wawi." Likatoka zuri, limezungushiwa mistari. Miezi miwili kimya. Ami akapunguza kula. Shatha akalituma lile lile kwa gazeti dogo, na kesho yake mhariri wa Pemba akapiga simu mwenyewe. Nilikuwepo, nimewapelekea mkate wa ufuta.

"Mzee, hili jina la cheti. Wawi wakimwita nani?"

Ami akaniangalia mimi, akamwangalia mwanawe, akainama. "Kipopoo," akasema kwa sauti ya chini. "Alikuwa mviringo, mnene, kama popoo ya tambuu. Jina nilimpa mimi."

"Basi ndilo ntakaloandika."

"Astaghfirullah. Mtu mzima yule, pengine kesha hiji. Nimwite Kipopoo gazetini?"

"Mzee wangu, huyo Zuwena hapa hajulikani. Dada unamtaka, humtaki?"

"Andika," Ami akasema.

Likatoka Ijumaa. Jumatatu baada ya alasiri nimekwenda kuchukua sahani yangu, simu ikalia. Shatha akaiweka sauti juu, sote tukasikia sauti ya bibi, kavu kidogo.

"Wewe Amur?"

"Naam, ni mimi."

"Nilikuwa naitwa Bi Haji, kwa heshima zangu. Tangu Ijumaa hata muuza samaki ananiita Kipopoo. Wajukuu ndio usiseme."

Ami akaisogelea simu. Machozi yanamshuka mpaka kwenye ndevu.

"Hatukupata hata barua moja, na mimi nikijua umekufa," bibi akaendelea. "Nshakusomea khitma mara mbili."

"Mungu akulipe," Ami akasema. Halafu akauliza lile lililokuwa likimnyima chakula. "Dada, mama aliniacha na radhi?"

Kule Pemba bibi akajibu.

"Mama kafa anakuombea dua. Alisema kakusamehe kuondoka, ila meno yako ndiyo yalimchukua muda. Ukimng'ata, Amur. Mimi sikumng'ata."

Ami akacheka huku analia, akacheka mpaka akakohoa, Shatha akampa maji. Alipopata pumzi akauliza kama kaburi la mama linajulikana.

"Linajulikana. Nnalifagia mwenyewe, lakini magoti hayanitii siku hizi. Njoo unisaidie."

Ami akamgeukia bintiye. "Umesikia, Shatha? Nitafutie tiketi kabla ya Ramadhani."