Bibi Afande na Mbwa Wake Koplo

Sisi tuliokulia mtaa wa Nsemulwa miaka ya tisini hatukuwa na simu, lakini tulikuwa na Bibi Afande. Alikuwa polisi mstaafu. Maisha yake yote ya kazi alikaa kwenye chumba cha simu ya upepo, akipokea taarifa za ajali na wizi wa ng'ombe, kisha anawatuma askari. Tulipomfahamu sisi, alikuwa anafuga kila kiumbe kilichokosa pa kwenda: punda mwenye kidonda mgongoni, mbuzi kipofu, paka aitwaye Inspekta, na Koplo, mbwa mwekundu aliyemlea kwa maziwa tangu hajafumbua macho.

Uwanja wake ulinuka moshi na vichwa vya samaki aina ya migebuka alivyowachemshia wanyama. Tukichoka kucheza rede, tunakimbilia kwake kula karanga. Ukifika unalia, hakubembelezi. "Sema uko wapi, sema kimetokea nini. Kulia utalia baadaye." Unajieleza huku kamasi zinashuka, na ukimaliza, hamu ya kulia imeshaisha. Watoto wa siku hizi wana simu mbilimbili, lakini ukiwauliza wako wapi wanakujibu, "Niko hapahapa."

Mwaka mmoja, wakati wa kuvuna mahindi, mbwa mwenye kichaa aliingia mtaani. Alimng'ata ndama wa jirani yetu Mzee Masanja, Msukuma mpole aliyehamia na ng'ombe zake, kabla vijana hawajamuua kwa marungu. Ndama naye akauawa. Jioni hiyo mwenyekiti wa mtaa akaita kikao.

"Kesho mbwa wote wauawe," alisema. "Tuna watoto hapa."

Tulianza kulia, maana hakuna nyumba iliyokosa mbwa. Bibi Afande akasimama. "Mwenyekiti, nipe siku ya kesho tu. Nitamleta bwana mifugo na chanjo. Mbwa asiyechanjwa mpaka jioni, muueni."

"Na aliyeng'atwa?" mwenyekiti akauliza.

"Aliyeng'atwa hana chanjo. Huyo auawe."

Asubuhi alitupanga watoto kila kona ya mtaa. Bwana mifugo alipotokea, wa kwanza alipiga kelele, wa pili akapokea, mpaka taarifa ikafika huko mwisho neno kwa neno: "Kafika! Leteni mbwa shuleni, wafungwe kamba!" Jamani, ile siku! Mbwa walikuja na kamba za katani, na vipande vya kanga, mmoja alibebwa ndani ya tenga. Mimi nilimshika Chui wetu kichwa, akachomwa sindano, akanikojolea miguuni. Mwenyekiti mwenyewe alikuwa anacheka.

Bibi Afande alifika wa mwisho na Koplo. Bwana mifugo akavuta dawa kwenye bomba la sindano. Bibi akamshika mkono.

"Huyu usimchanje. Jana yule kichaa alimng'ata sikioni. Nilimwona."

Hakuna mwingine aliyeona. Manyoya yalikuwa yamefunika kidonda.

"Mama, labda ni mkwaruzo tu," Mzee Masanja alisema. "Mfungie ndani, tumwangalie."

"Masanja, ndama wako tulimfungia?"

Mzee akainama.

"Mbwa wa mtaa mzima nimewaombea," Bibi akasema. "Nikimficha wangu, kesho nani ataniamini?"

Akakaa chini, akamlaza Koplo mapajani, akamkuna tumbo kama kila siku. Bwana mifugo akamchoma sindano ile nyingine, ya kulala moja kwa moja. Mkia ulipotulia, Bibi Afande alijifunika kanga usoni, akalia kwa sauti mbele yetu wote. Masanja alichukua jembe, akaenda kumchimbia Koplo kaburi nyuma ya nyumba ya Bibi, wakamzika pamoja.

Kichaa hakikurudi tena mtaani kwetu utoto wangu wote. Bibi Afande alishatangulia mbele za haki, na Nsemulwa ya leo ina mageti na kuta zenye vipande vya chupa juu. Mbwa wanabweka ndani, huwaoni. Juzi nilimkuta kijana wa jirani getini kwao anampiga picha mbwa wao mzuri kwa simu, nikamuuliza mbwa anaitwaje.

"Sijui, anti," akajibu bila kuinua macho. "Ni wa ulinzi tu."

Nilitaka kumsimulia habari za Koplo. Lakini geti lilikuwa limeshafungwa.