Fundi wa Nakuru asiyeharakisha kusema mashine imekufa

Saa mbili na robo asubuhi, Trizah Adongo anafungua kamba iliyozungushwa kwenye blanketi la mtoto juu ya meza yake ya kazi. Ndani ya blanketi mna kompyuta inayoonekana mpya, kasha jeusi lenye ubavu wa kioo, lisilo na hata mkwaruzo. Mwenyewe ameipakata mapajani kutoka Mai Mahiu mpaka Nakuru. Sasa amesimama karibu na mlango, mkono mmoja kiunoni, na amekataa kiti.

Trizah anachomeka waya na kubonyeza kitufe. Feni zinashtuka, zinajizungusha mara moja, zinanyamaza. Anabonyeza tena. Zinashtuka, zinanyamaza.

“Ni hivyo tu tangu Alhamisi,” asema Jamleck Muturi, mwenye umri wa miaka 52. “Inajaribu, halafu inakata tamaa.”

Leo ni Jumamosi. Jumatatu saa moja asubuhi Muturi anatakiwa kuanza kazi, na bila mashine hii hakuna kazi.

Mafundi wengi wangeshika bisibisi hapo hapo. Trizah anavuta stuli, anakaa, anaanza kuuliza. Ni nani aliyeiunganisha? Alianza na kipi, akamaliza na kipi? Imewahi kuwaka hata mara moja? Kuna harufu yoyote ya kuungua aliyoisikia? Muturi anajibu polepole, macho sakafuni, kama mtu anayeandikisha makosa yake kituoni.

Kwa miaka ishirini na miwili aliendesha malori kati ya Mombasa na Malaba. Miaka miwili iliyopita, kwenye mteremko wa kuingia Mai Mahiu, breki zilikataa. Alilipeleka lori kwenye ukingo wa udongo badala ya kuliacha lishuke sokoni. Hakuna mwingine aliyeumia. Yeye alivunjika pingili mbili za mgongo, na daktari akamwambia asishike tena usukani wa gari kubwa.

Tangu hapo nyumba imeshikiliwa na mkewe, Sue, anayewauzia madereva chai na chapati kando ya barabara. Muturi hukaa nyumbani. Alijaribu kufuga kuku, lakini kuinama kukamshinda.

Mapema mwaka jana rafiki yake alimwambia kwamba kampuni moja ya uchukuzi inatafuta mtu anayeijua barabara kama kiganja cha mkono wake. Kazi ni kuyafuatilia malori kwenye skrini, akiwa nyumbani, na kuwapigia madereva simu wanaposimama mahali pabaya au wanapokaribia kilima chenye ukungu. Sharti ni moja: mtu awe na kompyuta yake mwenyewe, yenye nguvu ya kuendesha skrini mbili.

Dukani mashine ya namna hiyo ilikuwa shilingi 95,000. Muturi akaamua kuiunda. Alinunua kipande kimoja kimoja kwa miezi kumi na mmoja, vingine vipya, vingine vilivyotumika, mpaka vikafika 61,000. Usiku alitazama video kwenye simu, akajifunza kila waya unaingia wapi.

Alhamisi aliviunganisha vyote juu ya meza ya kulia chakula, Sue akimshikia tochi. Walisali. Akabonyeza kitufe.

Fundi wa kwanza aliyemwona, wa mtaani kwao, aliiangalia kwa dakika tano. Akasema madabodi, ile bodi kubwa inayobeba kila kitu, imeungua, na kwamba ndivyo inavyokuwa mtu akijifanya fundi. Nyingine ingegharimu 14,000. Muturi hakuwa nazo. Alimwambia mkewe kwamba kuna waya mmoja tu unaosubiriwa.

“Nilijiona mjinga,” asema. “Miezi kumi na moja ya chapati za mtu, nimeichoma na mikono yangu.”

Trizah anamsikiliza mpaka mwisho. Hasemi kitu kuhusu madabodi, na ana sababu.

Alizaliwa miaka 39 iliyopita katika nyumba za reli mjini Nakuru, ambako babu yake, mzee Obura, aliletwa na kazi ya kukarabati mabehewa. Alipomaliza kidato cha nne karo ya chuo haikupatikana, akaenda Kamere, kando ya Ziwa Naivasha. Huko alifanya kazi miaka saba katika shamba la maua, akipanga waridi kwenye chumba baridi kiasi kwamba alivaa soksi mbili hata mwezi wa Januari.

Katika chumba hicho kulikuwa na kompyuta moja ya kuchapisha lebo za maboksi. Ilipogoma, waridi zilisubiri na wanawake walisubiri, mpaka fundi aitwaye Naftaly atoke Nairobi. Trizah alikuwa akisimama nyuma yake na kumuuliza hiki na kile. Siku moja Naftaly alichoka na maswali, akamnyooshea bisibisi, akamwambia aifungue mwenyewe.

“Nilishangaa vitu ni vichache hivyo,” anakumbuka. “Nilikuwa nimefikiria ndani kuna kitu kubwa sana ya kutisha.”

Aliweka akiba, akasoma kozi ya miezi sita, akakodi chumba hiki cha ghorofa ya kwanza nyuma ya soko. Huu ni mwaka wake wa sita. Wiki nzuri hupitisha mashine kumi au kumi na mbili, nyingi zikiwa zimejaa vumbi jeupe la Nakuru, na baada ya kodi hubakiwa na kama shilingi 9,000. Bado kuna wateja wanaoingia na kuuliza fundi yuko wapi. Muturi pia aliuliza asubuhi hii, kisha akaomba radhi mara mbili.

Jambo lililomfunza Trizah kuliko kozi yoyote lilitokea katika mwaka wake wa pili. Mitchelle Chesang, mwenye saiba ndogo, duka la intaneti, huko Sachangwan, alimletea kompyuta isiyowaka. Siku hiyo wateja walikuwa wamejaa kwenye benchi. Trizah aliitazama juu juu, akamwambia madabodi imekufa. Chesang akanunua nyingine. Ilipofungwa, mashine haikuwaka. Shida ilikuwa kitufe cha kuwashia, kitu cha shilingi mia mbili.

Trizah alipanda mpaka Sachangwan kuomba msamaha, pesa za Chesang mkononi. Chesang alizipokea, akamwandalia chai, akamwambia jambo ambalo halijamtoka mpaka leo.

“Pesa ni sawa,” alimwambia. “Lakini hizo wiki mbili watoto walikuwa wanakuja kutuma fomu zao za chuo, na nikawa nawarudisha. Hiyo hutanirudishia.”

Tangu siku hiyo ana sharti lake. Hasemi kifaa kimekufa mpaka akitoe nje ya kasha, akiweke peke yake mezani na kukipa nafasi ya kuwaka.

Kwa hiyo anaanza na vyepesi. Anabadilisha soketi. Anatazama swichi ya nyuma. Anafuata kila waya kwa kidole, hata ule wa kulisha prosesa, ubongo wa mashine, ambao wengi huusahau. Kila mmoja umekaa mahali pake. Anachomoa vipande viwili vya RAM, kumbukumbu ya mashine, anavifuta, anarudisha kimoja. Feni zinashtuka, zinanyamaza. Anaazima kifaa cha kugawa umeme kutoka mashine nyingine anayojua ni nzima. Zinashtuka, zinanyamaza.

Kila kinachoonekana kizima kinaisogeza lawama karibu na madabodi, na Muturi analijua hilo.

Sasa Trizah anafungua skrubu, moja moja, na kuinua bodi nzima kutoka ndani ya kasha. Anailaza juu ya boksi lake la karatasi ngumu. Anaiachia prosesa na feni yake, kipande kimoja cha RAM, waya wa umeme na ule wa skrini yake ya mezani, basi. Kwa ncha ya bisibisi anagusanisha vijiti viwili vidogo ambavyo kazi yake ni ile ile ya kitufe.

Feni inashtuka. Inazunguka. Inaendelea kuzunguka.

Sekunde kumi. Ishirini. Skrini inapata mwanga, na maandishi meupe yanapanda juu yake. Muturi anavuta kile kiti alichokikataa na kukikalia.

“Bodi yako ni mzima, mzee,” Trizah anamwambia. “Shida iko kwa hii nyumba yake.”

Anamulika tochi ndani ya kasha tupu na kumwonyesha. Bodi hukalia vinguzo vidogo vya shaba ili mgongo wake usiguse bati. Kasha hili Muturi alilinunua likiwa limetumika, na mwenyewe wa kwanza alikuwa na bodi kubwa zaidi. Kinguzo kimoja kilibaki katikati, mahali ambapo bodi ya Muturi haina tundu. Kikawa kinagusa mgongo wake na kupiga shoti kila mashine ilipoamshwa. Kule kuzima kwake haraka kulikuwa kujilinda, na ndiko kulikookoa vipande vingine vyote.

“Kwa hivyo ni mimi,” Muturi asema.

“Ni hicho kinguzo. Wewe umeweka kila waya mahali pake. Mimi mashine yangu ya kwanza niliacha mbili nje.”

Kisha anampa bisibisi. Peke yake angeimaliza kwa dakika kumi, na kwenye benchi wapo wateja wawili wanaotazama saa. Lakini anataka mtu huyu akirudi Mai Mahiu awe ameiunda mwenyewe, mpaka mwisho.

Muturi anakichomoa kinguzo. Anairudisha bodi, anapumzika kwa ajili ya mgongo, anaendelea. Kazi inamchukua dakika arobaini. Akifika kwenye kitufe kidole kinasita. Anabonyeza. Feni zinazunguka, na safari hii hazisimami.

Anampigia Sue simu. Anaongea Kikuyu kwa sauti ya chini, kwa muda mrefu. Baadaye anamweleza Trizah kwamba amemwambia mkewe yote, pamoja na uongo wa ule waya uliokuwa ukisubiriwa. Sue alimjibu kwamba alijua tangu Alhamisi. Hakutaka tu kumwongezea mzigo.

Trizah anamtoza shilingi 800, bei anayomtoza kila mtu.

Jumatatu, saa moja na dakika kumi asubuhi, ujumbe uliingia kwenye simu yake. Muturi aliandika kwamba ana malori kumi na manne na yote anayaona. Moja lilikuwa limesimama Salgaa bila sababu, na tayari alikuwa amempigia dereva.

Trizah aliusoma akiwa anapakia mizigo yake mwenyewe. Kanisa moja huko Kamere limekubali kumpa ukumbi kila Jumamosi alasiri, na wanawake kumi na mmoja wa mashamba ya maua wameandikisha majina kujifunza kutengeneza kompyuta. Somo la kwanza ni wiki ijayo. Akipata fedha za viti na meza, anataka darasa lifike wanawake thelathini kabla ya mwaka kwisha.

Amekusanya mashine tano kuukuu za kufundishia. Nne amezitengeneza na zinawaka vizuri. Ya tano ameifunga kwenye gunia kama ilivyo, imekufa au haijafa, naye hajaigusa.

“Hiyo sijui ina shida gani,” asema, akilisukuma gunia karibu na mlango. “Watanionyesha wao.”