Wembe wa Msiba na Nywele za Kupandikizwa

"Hizi za mbele ni zako au ni za daktari?"

Shangazi aliuliza hivyo akiwa ameshika wembe mpya, nyuma ya jiko, nyumbani kwetu Kalemela, siku chache baada ya kumzika babu. Mimi ninayefundisha baiolojia sekondari huko Bariadi, ninayewauliza wahubiri maswali mpaka wanaanza kuangalia saa, nilianza kuifunga upya khanga iliyokuwa imefungwa vizuri.

Kwetu wafiwa hunyolewa. Wanaume upande wao, wanawake upande wao, kila mtu na wembe wake. Wakati mwingine wowote ningekaa kwenye kigoda bila neno. Lakini miezi mitano kabla ya msiba nilikuwa nimepandikizwa nywele katika kliniki moja Dar es Salaam, na zilikuwa ndiyo kwanza zinachomoza.

Zile za asili zilikuwa zimeondoka chuoni. Nilisuka rasta ndogondogo, zilizobana mpaka nyusi zinapanda, na siku ya kwanza kila mara nilimeza Panadol. Nilipomaliza digrii, paji langu la uso lilikuwa limekwisha kupanda nusu ya njia ya utosini. Niliacha kusuka, nikapaka mafuta ya nyonyo, nikapaka maji ya vitunguu, nikasubiri mwaka na nusu. Ngozi ilibaki laini kama goti. Darasani nilivaa kilemba.

"Ungewahi kuacha, zingerudi zenyewe," daktari aliniambia. "Sasa mizizi imekufa. Kuna njia mbili. Naweza kutoa mzizi mmoja mmoja kutoka kisogoni, au nikate ukanda mwembamba wa ngozi, nishone, halafu mizizi tuitenganishe mezani ndipo tupande mbele."

"Ipi bora?"

"Inategemea kichwa. Nywele zetu zinajikunja hata chini ya ngozi. Nikitoa mmoja mmoja, kifaa kinaweza kukata mzizi nisiouona. Kwako naona ukanda."

"Na kovu?"

"Litabaki kama mstari. Nywele zitalifunika."

"Mama yangu alitoboa sikio, kovu likavimba likawa kama harage."

Akaweka kalamu chini. Alisema basi tusikimbilie. Akachukua mizizi michache tu, akaipanda karibu na sikio, akanirudisha nyumbani miezi mitatu kuangalia kama ngozi yangu itavimba. Haikuvimba. Ndipo akafanya kazi nzima, kutwa moja, mimi nikiwa macho nimechomwa ganzi, nikiuliza kila chombo kinafanya nini. Aliniambia zitaanguka wiki za mwanzo na nisilie, kwa kuwa mzizi unabaki. Zilianguka. Mwezi wa nne zikaanza tena, nyembamba kama ndevu za mahindi machanga, na kila asubuhi nilizikagua kwa kioo cha mkononi.

Hizo ndizo shangazi alikuwa akizitazama.

"Za watu hizo," alisema mama mdogo, aliyekuwa amekwisha kunyolewa. "Wanazileta kutoka India. Marehemu hawezi kuliliwa kwa nywele za mtu asiyemjua."

"Basi tuziache, tunyoe nyuma tu," shangazi akasema.

"Atafanana na kuku aliyenyonyolewa nusu," mama mdogo akajibu.

Wakacheka, msibani hapohapo, na mimi nikacheka nao kidogo. Lakini niliona mlango umefunguka. Nikisema ni za daktari, zitabaki salama, na gharama yake ni kuonekana mgeni kwenye msiba wa babu aliyenilea. Karatasi ya kliniki ilitaja jua, ilitaja sabuni, haikutaja wembe. Nilikuwa nimempigia daktari tangu asubuhi bila kumpata.

"Ni zangu," nikasema. "Zimetoka kisogoni."

"Tutaona, ng'wanawane," shangazi akanijibu, na kuniita mwanawe kwa Kisukuma hakukumzuia kuanza kukagua. Aliloweka kichwa kwa maji, akaanza na nyuma. Wembe ulipofika kwenye mstari alisimama. Kidole chake kikatembea polepole kutoka sikio hadi sikio.

"Walikuchimba hapa?"

"Hapo."

"Kama miche ya mpunga. Unang'oa kitaluni, unapeleka jarubani."

"Ndiyo hivyo, shangazi."

Niliudhika kidogo. Nilikuwa nimesoma juu ya jambo hili kwa miezi, na yeye amelimaliza kwa sentensi mbili.

"Basi ni za ukoo," akawaambia wengine. Kisha akaniinamia. "Ninyoe?"

Nilikuwa nimefundisha mara nyingi kwamba wembe hukata kilicho juu ya ngozi, haugusi mzizi. Ni rahisi kulisema ukiwa na chaki mkononi.

"Nyoa."

Nilirudi Bariadi na kichwa kitupu. Wiki mbili sikuona kitu, nikaanza kumlaumu kila mtu, marehemu akiwemo. Kisha kisogo kikawa cheusi, pande zikafuata, na Jumamosi moja, dirishani, nikaona nukta mbele. Zilikuwa zimejipanga kuanzia sikio moja, juu ya paji, hadi sikio la pili, nyeusi na nzito kuliko zilivyokuwa kabla ya msiba. Nilisimama pale na mswaki mdomoni mpaka povu likadondoka kwenye blauzi.

Nilisubiri zifike urefu wa punje ya mchele, kisha nikaingia kidato cha tatu bila kilemba.

"Mwalimu, kumbe una nywele," alisema msichana mmoja wa nyuma.

"Ninazo."

"Sisi tulijua umeokoka, ndiyo maana unajifunika."

Jioni ile nilipita sokoni mara mbili bila kununua kitu, kichwa wazi, nikisalimia hata watu nisiowajua.

Mwaka jana ndipo nilipopata habari kwamba akina mama wa Kalemela huwapeleka kwa shangazi mabinti wao walioanza kuliwa nywele na rasta, awanyoe, kwa sababu wanaamini mkono wake ndio uliootesha zangu. Na kwa baadhi yao zimeota kweli, bila daktari: kichwa kilichonyolewa hakisukiki.