Herman Yuko Chini ya Bahari

Mume wangu Herman anatengeneza simu hapa Dongobesh, na bahari hajawahi kuiona. Lakini kila Jumapili tukitoka kanisani anageuka nahodha wa nyambizi. Anafungua kompyuta, anazama, anaanza kuvizia misafara ya meli za mizigo. Akishaizamisha moja, meli za ulinzi zinamtafuta kwa kusikiliza, naye anazima injini na kunyamaza. Hapo na mimi ninyamaze! Kwa kuwa kompyuta ina maiki, ameshikilia kwamba meli zile zinasikia mpaka sufuria zangu. Mwalimu Patriki, aliyempa hilo gemu, amemwambia si kweli. Wapi! Nimechoka kwenda kukohoa nje ya nyumba yangu mwenyewe.

Baba yake, mzee Akonaay, alimkasirikia alipoacha shamba la Gitting akafungua kibanda cha simu. Tangu hapo hawasemeshani. Herman aliutaka msamaha wa baba yake kuliko kitu chochote. Alimtuma katekista, akamtuma shangazi, mzee akagoma.

Jumapili moja natoka kuteka maji, nikamkuta mzee njiani, amevaa koti la kanisani, jogoo kwapani, anatoka kwetu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nimepiga hodi mara tatu, mwanangu. Viatu vyake viko mlangoni, na kiti nakisikia kinalia. Basi, nimejibiwa."

Nilimsihi turudi wote, akakataa. Mzee aliyenyimwa "karibu" na mwanawe wa kumzaa arudi kufanya nini?

Niliingia ndani nimewaka. Herman akaweka kidole mdomoni.

"Shii! Wako juu yangu."

"Aliyekuwa juu yako ni baba yako!" Nilipiga kelele za kusikika mpaka Haydom. "Amekuja kukusamehe, wewe umejificha kwenye maji ya uongo!"

Akasema hodi aliisikia, ila alisubiri meli zipite kwanza. Kwanza! Nilitamani kuitupa ile kompyuta chooni, na hasira hiyo bado ninayo.

Kesho yake tulikwenda Gitting. Tulipofika uani tulisikia redio ya mzee ikisoma habari. Herman akavua kofia.

"Hodi, baba."

Redio ikazimwa.

Akaita tena, akaita na ya tatu. Ndani kimya. Hata kiti hakikulia.