Ng'ombe Aliyewekwa Benki

Nilipokuwa mwalimu wa hesabu kule Ilemba, nilikuwa na ugonjwa wa kuwashauri watu wasioniomba ushauri. Aliyeumia zaidi ni jirani yangu, mfugaji wa Kisukuma aliyehamia bondeni na ng'ombe wengi kuliko wanafunzi wangu. Binti yake alikuwa darasa la saba, wa kwanza kila mtihani, na mzee alikuwa ameapa kwamba akifaulu atasoma sekondari. Nikamwambia auze maksai wanne, fedha aiweke benki Sumbawanga. Ng'ombe hufa, mzee, lakini fedha ya benki haiugui ndigana.

"Ataichunga nani?" akauliza.

"Watu wa benki wenyewe. Tena wewe ndiye utakayeongezewa. Inaitwa riba."

"Ndama," akasema, akaridhika.

Kwao, ukiwekewa ng'ombe na mtu, maziwa unakunywa na samadi ni yako, ila ndama ni wa mwenyewe. Akauza, akaweka. Nilifurahi kwamba amenielewa upesi, nikajisifu mpaka kwenye chumba cha walimu.

Matokeo yakatoka, binti kafaulu. Tukapanda mlima kwa lori la mahindi, tumekaa juu ya magunia, mzee ndani ya koti zito la mtumba kwa kuiogopa baridi ya mjini. Benki, binti wa dirishani alikijaza kitabu cha mzee, akamrudishia. Mzee akanipa mimi nisome. Nikasoma. Nikarudia, nikidhani nimekosea, mimi mwalimu wa hesabu.

"Soma watu wasikie," akasema.

Nikasoma kwa sauti ya mgonjwa. Gharama za kutunza akaunti, kila mwezi. Riba, kiduchu. Chini ya riba, kodi.

Mzee akainamia dirisha. "Binti, hii ya kila mwezi ni ya nini?"

"Shikamoo, mzee. Ni ya kutunza akaunti."

"Marahaba. Hayo maziwa, kunyweni tu. Na hii ya chini?"

"Hiyo si yetu. Ni ya serikali, inakatwa kwenye riba."

"Kwenye ndama wangu?"

Foleni nzima ikasogea kusikiliza.

"Ndiyo, mzee."

"Serikali ilimchunga siku gani?"

Watu wakaangua kicheko, mpaka askari wa mlangoni. Mimi nilitamani sakafu inimeze. Mzee hakucheka. Alikuwa amekwisha kupiga hesabu yake: maziwa yamenyweka, ndama kaliwa, na jumla imepungua, maana yake sasa wameanza kumkata mkia mama mtu.

"Hata mimi mshahara wangu unakatwa kodi, mzee," binti wa dirishani akasema kwa upole.

"Pole, mwanangu," akamjibu, na alikuwa na huruma ya kweli. "Sasa nipe ng'ombe wangu."

Akaifunga akaunti. Hata kwa kufunga akakatwa. Hapo sikuombwa kusoma, nikashukuru Mungu.

Tulipotoka nje nilishikwa na hofu. Nilimjua: fedha ikiwa mfukoni, mguu wake huelekea mnadani. Angenunua mitamba, binti yake angebaki nyumbani kukamua, na kosa lingekuwa langu mimi na mdomo wangu. Nikamfuata mtaa mzima nikimsihi. Akaniacha niseme mpaka nikaishiwa, ndipo akauliza, "Mwalimu, shule ya masista iko wapi?"

Sista mhasibu alidhani hakusikia vizuri. Wazazi walikuwa wakimlilia wapunguziwe muhula mmoja, na huyu anataka kulipa miaka yote minne kwa mkupuo. Mzee akamsimamia kichwani mpaka risiti ikaandikwa: ada ya Kidato cha Kwanza hadi cha Nne, imelipwa yote. Akanipa niihakiki mara tatu.

Getini nikamkaripia, maana sikuwa nimepona. Nilimwambia hakuna mtu mwenye akili anayefanya hivyo. Mimi mwenyewe namlipia mdogo wangu shuleni hapohapo, muhula kwa muhula, na akiba yangu imetulia benki. Akaniitikia kwa adabu zote, akaenda kununua chumvi.

Mwaka uliofuata ada ikapanda. Masista waliitazama risiti ya mzee, wakaitazama tena, wakamwacha binti yake aingie darasani. Mimi nilikwenda benki kutoa nyongeza ya ada ya mdogo wangu, na kwa kutoa nikakatwa.